Ofisi bila mkuu inakwenda vizuri tu. Sasa menejimenti ni kitu gani hasa?

#1 Kijana_wa_Masijala

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Nataka tulijadili hili kwa uzito wake. Kwenye taasisi yetu hapa Unguja (sitoitaja) mkuu alihamishwa kabla ya Ramadhani na mpaka leo kiti kiko wazi. Hakuna hata aliyepewa barua ya kukaimu. Watu walitabiri tutasambaratika, lakini mambo yanakwenda. Barua zinaingia masijala, zinatiwa kwenye jalada, zinapelekwa kwa mhusika, zinajibiwa. Ripoti ya robo mwaka imetoka mapema kuliko zamani. Saa moja na nusu asubuhi watu wamo ndani, na kitabu cha mahudhurio kinasainiwa bila ya mtu kusimamiwa. Vilivyokwama ni vile vinavyotaka saini yake: malipo, likizo na safari za Pemba.

Kwa hiyo nasema wazi. Menejimenti kwenye taasisi zetu ni mamlaka ya kusaini, na mengine yote tunayosomeshwa vyuoni ni mapambo. Anayenipinga aje na hoja, asije na cheo.

#2 Maalim_Tunguu

W'salaam. Nakupinga, na cheo sina.

Henri Fayol alikuwa mhandisi wa migodi, Mfaransa. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya makaa ya mawe na chuma iliyokuwa inakaribia kufilisika, akaisimamisha. Alipoandika kitabu chake mwaka 1925 alisema kazi hii ina mambo matano: kuona mbele na kupanga, kuwaweka watu na vitu mahali pao, kuamrisha, kuoanisha, na kudhibiti. Saini ni kijisehemu kidogo tu cha hilo la tano.

Nyinyi sasa hivi mnatekeleza mpango wa mwaka jana. Ukifika msimu wa bajeti, nani atasema idara hii ipunguziwe fungu na ile iongezewe? Nani atakubali kuchukiwa kwa hilo? Subirini.

#3 Hesabu_Safi

Maalim, rekebisha hapo. Kitabu cha Fayol kilitoka 1916. Mwaka 1925 ndio aliofariki. Na uongozi wa kampuni aliuacha 1918, miaka 30 baada ya kukabidhiwa. Nayasema haya kwa sababu watu humdhania profesa wa darasani, kumbe aliandika yale aliyoyaona mgodini.

#4 Maalim_Tunguu

Shukran, 1916. Hoja ya bajeti bado haijajibiwa.

#5 Serahangi_wa_Malindi

Manahodha wengi chombo huenda mrama, hilo tunalijua. Lakini chombo kisicho na nahodha nacho huenda, kinachukuliwa na mkondo. Kijana, nyinyi mko kwenye mkondo, na kwa bahati leo unaelekea mnakotaka. Kaskazi ikigeuka kusi tutazungumza.

#6 Kijana_wa_Masijala

Ami, heshima yako. Lakini wewe jina lako Serahangi, unajua vizuri nani anaendesha chombo wakati nahodha kalala 😄

#7 Serahangi_wa_Malindi

Ewaa, namjua. Serahangi anawapanga mabaharia, anaangalia tanga, kamba na mzigo. Safari ya kawaida ya Unguja na Pemba nahodha anaweza kulala kweli na chombo kikafika.

Sasa nikwambie lini utamuona nahodha. Mzigo umeshapakiwa, mwenye mzigo yuko gatini anapiga kelele, abiria wameshalipa, mabaharia wanataka kwenda kwao, na upepo unaonekana mzuri. Nahodha anaangalia mawingu upande wa kusini, anasema: leo hatutoki. Anatukanwa na kila mtu. Asubuhi pengine bahari imetulia kabisa, wanamcheka, na hana ushahidi wa kuwaonesha. Kusema hatutoki ndiyo kazi yake. Hizo kazi nyengine sote tunaziweza.

Katika huo muda wote, ofisini kwenu nani amesema hatutoki?

#8 Bi_Zamu

Hili la ami limenigusa. Mimi muuguzi, spitali ya wilaya, sitaji ipi.

Kwenye wodi yetu kuna ubao wa zamu. Ukiuangalia utaona majina na herufi tu: A asubuhi, J jioni, U usiku. Mtu anaweza kusema kompyuta inaupanga kwa dakika mbili. Alikuja mkuu mpya wa wodi akaupanga hivyo hivyo, kwa haki kabisa, kila mtu usiku sawasawa. Katika mwezi ule ule wodi ilikuwa haikaliki. Maana matroni wa zamani alikuwa anajua fulani anakaa mbali na daladala za kwao hukatika baada ya Isha, fulani ananyonyesha, fulani na fulani wamenuniana na ukiwaweka usiku pamoja mgonjwa hageuzwi kitandani mpaka asubuhi. Alikuwa anajua pia nani mkono wake mzuri kwa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, na akihakikisha kila zamu inaye mmoja kama huyo.

Hakuna lililoandikwa katika hayo. Alipostaafu aliondoka nayo yote. Kijana, mimi nasema menejimenti ni kuwajua watu mpaka uwapange mahali ambapo kazi itafanyika. Saini haina nafasi hapo, hata ile orodha ya Mfaransa haifiki huko.

#9 Karani_Mstaafu

Bi Zamu kasema kweli, lakini kwa kweli hiyo hiyo mimi namlaumu huyo matroni.

Nimefanya kazi serikalini umri wangu wote wa utu uzima. Ofisi ikisambaratika kwa sababu mtu mmoja kastaafu, basi mtu huyo alijenga himaya yake, hakujenga ofisi. Max Weber, Mjerumani, aliliona hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ofisi ya kisasa inasimama juu ya kanuni, jalada, na mgawanyo wa kazi unaojulikana. Kiti ni cha ofisi, mwenye kukaa anapita. Akiondoka, jalada linabaki. Anayekuja analisoma, anaendelea.

Na hapo ndipo namjibu Kijana. Unasema mkuu hayupo na kazi inakwenda. Mimi nasema mkuu yupo! Yuko kwenye utaratibu aliouacha. Nani aliyepanga kwamba barua ikiingia isajiliwe siku hiyo hiyo? Nani aliyeamua dokezo lianzie kwa nani, lipande kwa nani? Mlipoizoea hiyo njia mkadhani imeota yenyewe. Mkuu mzuri kipimo chake ni hicho, kazi iende akiwa hayupo. Badala ya kusema menejimenti haina maana, mpigie simu huko aliko umshukuru.

#10 Kijana_wa_Masijala

Mzee wangu Karani, nakuheshimu, lakini umempa mtu sifa zisizokuwa zake. Utaratibu wa masijala yetu ameujenga bibi mmoja karani, cheo cha chini kabisa, ambaye wakuu wote wamemkuta pale. Yeye ndiye aliyeanzisha daftari la barua zinazotoka, na yeye ndiye anayekumbusha watu tarehe za ripoti. Hana saini, hana gari, na kwenye mkutano wa menejimenti haingii. Sasa niambieni, meneja ni nani hapo?

#11 Hesabu_Safi

Hilo swali zuri kuliko la kwanza.

#12 Mwinyi_Dodo

Bibi huyo apewe kiti, uzi ufungwe.

#13 Maalim_Tunguu

Usifungwe. Bibi anaoanisha na anadhibiti, katika yale matano ana mawili, na anayafanya vizuri. Lakini akienda kwa mkurugenzi wa taasisi nyengine kudai takwimu, atapewa? Akisema ofisi ihame, itahama? Jukumu bila madaraka ni mateso tu kwa mwenye nalo. Fayol kalisema hili katika zile kanuni zake 14: mamlaka na uwajibikaji viende pamoja. Huyo bibi mmemtwika kimoja mkamnyima cha pili. Huo ni upungufu wa taasisi yenu, msiufanye ushahidi.

#14 Mchumaji_Ole

Habari zenu kutoka Pemba. Nyinyi wote mnazungumza habari za ofisi. Njooni kwenye karafuu, huko taasisi inaundwa upya kila msimu.

Karafuu haimsubiri mtu. Kishada kikianza kuwa chekundu ndio wakati wake, ukichelewa inachanua na bei imekwenda. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi unataka wachumaji, wachambuaji wa kutenga karafuu na makonyo (vikonyo vyake), majamvi, mtu wa kuanika, mtu wa kulinda, gari ya kupeleka kituoni. Mvua ikitanda kila kitu kinaanuliwa mbio, maana karafuu mbichi zikilundikwa zinachacha, zinageuka rangi ya kupauka, na kituoni zitashushwa daraja. ZSTC, shirika la biashara la serikali, wananunua kwa madaraja, hakuna kuoneana haya. Shamba moja unaweza kuwa na watu wa vijiji vitatu, hawajuani, na watoto wa skuli wamo.

Sasa malipo. Mchumaji analipwa kwa pishi. Kachuma nyingi, kapata nyingi. Niliwahi kusoma habari za Mmarekani Taylor aliyekuwa akiwapima wafanyakazi kwa saa, kila mmoja alipwe kwa alichokibeba. Nikasema, sisi hayo tunayo tangu enzi za mabibi! Na pia tunajua kasoro yake. Kijana akiona tawi limejaa na mkono haufiki, hateremki kuhamisha ngazi. Analivuta. Tawi linakatika, vishada vyote anavipata chini, pishi yake inajaa kabla ya wenzake. Mwakani mkarafuu ule upande ule hauna kitu, na kidonda cha tawi kinaingiza maradhi. Aliyeshangiliwa kwa pishi nyingi ndiye aliyekula mavuno ya mwakani.

Kwa hiyo mie nasema menejimenti ni kulinda kile ambacho kipimo hakikioni. Babangu alikuwa hazungumzi sana shambani. Anapita chini ya mikarafuu, anaangalia ardhini. Akiona tawi bichi limeanguka anauliza juu ni nani. Basi.

#15 Hesabu_Safi

Mchumaji, uzi umeupa uhai. Naongeza takwimu za huyo Taylor, maana zinaunga mkono maneno yako. Mwaka 1899 kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Marekani, alidai mbebaji mmoja alitoka tani 12.5 kwa siku akafika 47.5. Ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku. Pigeni hesabu: mzigo karibu mara nne, malipo hayakufika hata mara mbili. Na watu waliopekua kumbukumbu za kiwanda baadaye wanasema hata kisa chenyewe alikipamba.

#16 Karani_Mstaafu

Kukipamba hakumfuti. Kabla yake kila msimamizi alikuwa anakisia kwa jicho. Yeye alisema kazi ichunguzwe, ipimwe, mtu afundishwe namna bora. Spitali, viwanja vya ndege, mpaka majiko ya hoteli, kote huko wanatumia mawazo yake bila ya kumtaja.

#17 Mapokezi_Paje

Mzee, mimi ndiye wa hoteli na nitakusimulia upande wa pili. Hoteli niliyofanya kazi mwanzo, mwambao wa mashariki, ilikuwa na meneja wa kupima. Chumba kimoja dakika kadhaa, taulo zinahesabiwa zikitoka na zikirudi, mifuko yetu inakaguliwa langoni kila jioni. Watu walifanya kila kilichopimwa na hawakufanya chengine chochote. Mgeni akipotea njia ya kwenda ufukweni utamuona mtu anampita, kwa sababu hiyo haimo kwenye karatasi yake.

Baadaye akaja mwanamke mmoja kutoka Bara, akaondoa ukaguzi wa langoni wiki ya mwanzo. Akatukusanya, akasema taulo zikipotea atatuuliza sisi wenyewe tufanye nini. Zilipotea baadhi, sitosema hazikupotea. Lakini watu wa usafi wa vyumba wenyewe ndio waliokuja na utaratibu wa kukabidhiana kwa ghorofa, na ukashika.

Kwenye mafunzo tuliambiwa Mmarekani mmoja, McGregor, aliliandika jambo hili mwaka 1960: kuna meneja anayeamini mtu ni mvivu mpaka alazimishwe, na kuna anayeamini mtu atajituma akipewa nafasi. Na tukaambiwa pia kule kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, mtafiti Elton Mayo aliongeza taa akaona kazi inaongezeka, akapunguza taa kazi ikaongezeka vile vile, kwa sababu watu walijiona wanathaminiwa.

#18 Hesabu_Safi

Samahani, mimi tena. Majaribio ya taa Hawthorne yalianza 1924, Mayo hayuko. Yeye aliingia mwaka 1928, taa zimeshaachwa na wamehamia kwenye majaribio ya mapumziko na saa za kazi. Na tafsiri ya matokeo mpaka leo watu wanagombana. Kujiona wanathaminiwa ni maelezo moja tu, wengine wanasema ni malipo, wengine wanasema baadhi ya wafanyakazi walibadilishwa katikati ya majaribio.

#19 Mwinyi_Dodo

Hesabu_Safi ukioa harusi yako itacheleweshwa na masahihisho ya kadi.

#20 Mama_Mwani

Salaam kutoka Jambiani. Nimesoma yote na nina swali. Kila mmoja wenu ana bosi ndani ya kisa chake: nahodha, matroni, baba, meneja. Sisi huku bosi hatuna.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya Paje na Jambiani mwaka 1989. Kila mwanamke ana kamba zake na vigingi vyake. Ratiba inapangwa na mwezi: bamvua likifika maji yanakupwa, tunaingia, tunafunga mwani kwa taitai (vijikamba), tunavuna. Maji mafu tumekaa nyumbani. Mwani ukipatwa na maradhi kwa joto la maji, kama ilivyotokea kwa ile aina ya kotonii yenye bei nzuri, hakuna meneja wa kumlaumu.

Lakini tulipoamua kuuza pamoja kama kikundi ndipo mambo yalipotaka msimamizi. Mwani wako mkavu na safi, wa mwenzio una mchanga na bado mbichi, mnatia gunia moja, mnunuzi anatia mkono chini ya gunia anaukuta mchanga, anakata bei ya wote. Tukakubaliana achaguliwe mmoja wa kukagua kabla ya kutia kwenye magunia. Tukamchagua mtu mwenye maneno machache na macho makali. Siku ya mwanzo kabisa akaukataa mwani wa mamake mdogo. Mbele ya watu. Mama mdogo alikwenda nyumbani na mkoba wake bila ya kuaga, na kwenye arobaini ya jamaa yao hawakukaa jamvi moja.

Baada ya hapo hakuna aliyeleta mchanga. Sasa nambieni, huyu cheo hana, mshahara hana, mkataba hana. Akisema hapana tunatii. Nguvu yake imetoka wapi?

#21 Maalim_Tunguu

Bi, swali lako lina jawabu lililoandikwa. Chester Barnard, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu kule New Jersey, aliandika mwaka 1938 kwamba mamlaka yako kwa anayepokea amri. Amri isiyokubaliwa si amri, hata itoke kwa nani. Nyinyi mlimpa kwa kukubali, na mtamnyang'anya siku mtakayoacha kukubali.

#22 Serahangi_wa_Malindi

Huyo wa simu hajapanda jahazi. Kwenye dhoruba hatukai tukaulizana nani anakubali.

#23 Maalim_Tunguu

Mnakubali kabla ya kung'oa nanga, ami. Mtu asiyemuamini nahodha hapandi.

#24 Serahangi_wa_Malindi

Anapanda akiwa na njaa.

#25 Bi_Zamu

Hapo ami kasema zito. Wengi wetu tunawatii wakuu wetu kwa sababu ya mshahara tu, tusijidanganye na neno kukubali.

#26 Pweza_wa_Panza

Naungana na Mama_Mwani. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, tunafunga sehemu ya mwamba kwa ajili ya pweza, kama miezi mitatu, kisha tunafungua kwa siku maalumu. Pweza hukua haraka mno, ukimwacha muda huo unamkuta kawa mkubwa maradufu na zaidi. Kinachoendesha jambo hili ni kamati ya wavuvi ya shehia. Mkurugenzi hakuna.

Kuna Mmarekani, Elinor Ostrom, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Alichunguza wavuvi, wakulima wa mabonde ya umwagiliaji, watu wa misitu, akaonesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kusimamia mali ya pamoja bila ya kupangiwa na serikali wala kumilikiwa na tajiri, ikiwa mipaka inajulikana, kanuni wamezitunga wenyewe, walinzi wanawajibika kwao, na adhabu inaanza ndogo ikipanda polepole. Nilipomsoma nikaona kama kaja kwetu.

Kwa hiyo ndugu Kijana, ofisi yako kwenda bila mkuu si ajabu.

#27 Karani_Mstaafu

Pweza, kwa adabu. Hiyo kamati ina mwenyekiti, ina katibu, ina daftari, ina faini. Nyuma yake yuko sheha, kuna sheria ya uvuvi, na kuna asasi zilizokusaidieni mwanzo. Hiyo ni taasisi kamili. Kuitoa kwenye menejimenti kwa sababu hakuna kiti chenye mto ni kosa.

#28 Pweza_wa_Panza

Sijaitoa kwenye menejimenti, mzee. Nimeitoa kwa mtu mmoja. Na nitakwambia sehemu ngumu ni ipi, wala haimo kwenye daftari. Usiku wa mwezi mchanga, mwamba umefungwa, unaona taa inatembea juu ya mwamba. Wa doria anaijua taa ile, ni ya shemeji yake. Nyumbani kwa shemeji hakujapikwa tangu jana. Anafanyaje? Ukilijibu hilo ndio umeijua kazi yenyewe. Sisi kila mara tunalijibu upya, na si kila mara tunaafikiana.

#29 Mchumaji_Ole

Wallahi hapo ndipo. Na shambani ni hivyo hivyo, aliyevunja tawi ni mtoto wa jirani.

#30 Machomanne_Mmoja

Nimechelewa, nina jambo la utumishi wetu huku Chake. Zile kanuni za Fayol mojawapo inasema mtu awe na mkubwa mmoja. Sisi watumishi wa Pemba kwenye wizara tuna Afisa Mdhamini anayetusimamia hapa, na tuna mkurugenzi wa idara yetu Unguja. Asubuhi Mdhamini anasema gari iende Micheweni, saa nne simu ya Unguja inataka ripoti kabla ya adhuhuri, na dereva ni mmoja na kompyuta ni moja. Wote wawili wana haki. Ukimtii mmoja umemuasi mwengine.

Lakini Fayol huyo huyo alitoa na dawa yake, na hii watu hawaisomi. Alisema badala ya barua kupanda ngazi yote mpaka juu na kuteremka upande wa pili, watumishi wawili wa ngazi sawa waruhusiwe kuzungumza moja kwa moja kama waliowekewa daraja, alimradi wakubwa wao wanajua. Sisi tunataka data kutoka jengo la pili, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Barua inavuka bahari kwenda Unguja, inaingia wizara ya pili, inavuka tena kurudi Pemba. Tulipokubaliana na wenzetu kupeana moja kwa moja na nakala kwa wakubwa, kazi ilichukua asubuhi moja.

#31 Karani_Mstaafu

Na siku data ikivuja, jalada litasema nani aliyeruhusu? Njia ndefu nayo ilikuwa na sababu yake.

#32 Machomanne_Mmoja

Nakala kwa wakubwa, mzee. Nimeiandika hapo.

#33 Karani_Mstaafu

Nakala haisomwi na mtu.

#34 Mapokezi_Paje

Mimi nasikia orodha za kupanga, kuoanisha, kudhibiti, lakini huyo meneja wetu wa Bara sikuwahi kumuona anakaa kupanga. Anazungumza na muuza samaki, simu inalia, anamtuliza mgeni aliyeumwa na churuchuru, anaulizwa ufunguo wa stoo, anarudi kwa muuza samaki kashaondoka. Siku nzima hivyo.

#35 Hesabu_Safi

Hilo lilichunguzwa. Mintzberg, wa Canada, aliwafuata wakuu watano wa taasisi, kila mmoja wiki nzima, akaandika walichokifanya. Kitabu kikatoka 1973. Nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa. Anasema hawakai wakapanga kama vitabu vinavyodai, mipango wanaibeba kichwani humo humo kwenye vurugu. Yeye aliwapa majukumu kumi badala ya matano ya Fayol.

#36 Maalim_Tunguu

Na ukiyapanga vizuri yale kumi yanaingia ndani ya matano. Mtu kuwa na shughuli nyingi hakuthibitishi kwamba shughuli zote ni kazi yake. Wakuu wengi wanakatizwa kwa sababu wamekataa kugawa madaraka. Ufunguo wa stoo wampelekee yeye wa nini?

#37 Mapokezi_Paje

Kwa sababu wa kabla yake aliuacha kwa mtu na stoo ikafagiliwa.

#38 Kijana_wa_Masijala

Nashukuru michango. Nimepata vitu ambavyo siwezi kuviita mapambo, hasa hilo la nahodha na hilo la taa kwenye mwamba. Ila bado sijaridhika na jambo moja. Kila mliyemsifu hapa, matroni, baba wa Mchumaji, mkaguzi wa mwani, hakuna aliyefikia pale kwa njia tunayotumia kuwapata wakuu wa taasisi. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2011 ipo, miundo ya utumishi ipo, na watu wenye shahada za menejimenti wanatoka kila mwaka. Kama ni taaluma inayosomwa, kwa nini aliyesoma anaivuruga wodi na ambaye hakusoma anaituliza?

#39 Maalim_Tunguu

Kwa sababu tunawasomesha vijana kabla hawajawahi kusimamia hata watu watatu. Fayol alisema isomeshwe, na yeye mwenyewe aliiandika baada ya miaka mingi ya kuifanya. Ningekuwa na uwezo, mwanafunzi wangu angeanza msimu mmoja kwa Mchumaji.

#40 Mchumaji_Ole

Alete jamvi lake tu. Na ajue kupanda ngazi.

#41 Mwinyi_Dodo

Bi Zamu, ule ubao wa zamu ulimalizikaje? Mimi nasimamia walinzi, Ramadhani zamu ya usiku kila mwaka ni ugomvi.

#42 Bi_Zamu

Haukumalizika, unaendelea. Tuliunda watu watatu, mmoja wa kila kundi, wanaupanga kwa penseli kwanza, unabandikwa siku mbili, watu wanabadilishana wenyewe kwa maandishi, ndipo mkuu wa wodi anaupitisha. Mambo ya wanaonuniana tunamwambia yeye peke yake kwa mdomo. Karani_Mstaafu hatopenda, lakini hayo hatuyaandiki.

Kwa Ramadhani jaribu kukata usiku vipande viwili, wa mwanzo wapokewe kabla ya daku. Waulize kwanza nani anakaa karibu, hao ndio wa kipande cha pili. Na wewe mwenyewe jipange angalau usiku mmoja, waone.

#43 Karani_Mstaafu

Kwa penseli na siku mbili za kubandikwa naafiki. Hilo la mdomo tutaonana kwenye uzi mwengine.